Sekunde nane tu jamani

Filamu yangu ya kwanza kuingiza kwenye shindano la vijana ilitolewa kwa sababu ya sekunde nane. Kanuni zilisema mwisho dakika 5, yangu ilikua na 5:08. Stori yenyewe ilikua 4:43, zile 25 za mwisho ni majina, pale nilipowashukuru mama, majirani wote na binamu yangu aliyeshika mwavuli juu ya kamera siku mvua ilipotukuta. Mi nilijua majina hayahesabiwi. Kumbe yanahesabiwa, na wala hawakuitazama wakaikataa, iliishia mlangoni hata jaji mmoja hajaiona. Kwa fremu 24 (zile picha mojamoja zinazounda video) kwa sekunde hizo ni fremu 192, nilizihesabu kwa hasira.

Wiki nzima nilisema ni roho mbaya. Afu nikaja kusoma kanuni za wakubwa nikakuta ni hivohivo, Oscar filamu fupi mwisho ni dakika 40 na majina yakiwa humohumo, Cannes, lile tamasha la filamu la Ufaransa, ni 15 na majina humohumo. Basi nikanywea.

Ila kilichonifanya niandike hapa ni kitu nilichokiona baadae nilipofungua tena ile projekti ili nikate hizo nane. Sisi vijana tukiambiwa dakika 5 tunaanza kutafuta cha kujazia dakika 5, kama vile ukileta 3 utaonekana mvivu, wakati jaji amekaa na rundo la filamu na ya kwako ni mojawapo tu, anachoomba moyoni ni uanze mapema. Yangu ilikua inahusu kijana anayepeleka redio ya bibi yake kwa fundi, na unajua inaanzaje? Anaamka. Anapiga mswaki. Anavaa viatu, kiatu cha kushoto, kiatu cha kulia, anafunga mlango, anatembea, jua linachomoza. Sekunde 52 zimeenda hatujui hata ana shida gani! Na nikiangalia kazi za wenzangu naona karibu kila mtu ana ile sini ya kuamka, sijui nani alitufundisha.

Nikajaribu kuianza mezani kwa fundi moja kwa moja. Redio iko wazi, fundi anaweka skrubu mojamoja kwenye kizibo cha soda, kijana anamwangalia mikono bila kusema kitu. Basi. Hapo tayari unataka kujua hiyo redio ni ya nani na kwa nini dogo ana wasiwasi hivo. Ile shoti ya jua tuliifukuzia asubuhi tatu, mbili tukakuta mawingu, na kuitoa iliniuma kwelikweli mpaka rafiki yangu tunayeediti naye akaniambia we unaipenda kwa sababu ulipata nayo tabu, mtazamaji hakuamka na wewe saa kumi. Nikaifuta. Ikashuka mpaka 3:36 na hakuna aliyeniuliza kitu gani kimepungua.

Kamera sitaki hata kuizungumzia, simu inatosha, watu wanabishana kamera huku sauti inanguruma friji mwanzo mwisho. Zima friji kabla hujashuti (na weka funguo zako humo ndani ya friji, huwezi kuondoka ukasahau kuiwasha). Halafu muziki. Kununua wimbo au kuudaunilodi hakukupi ruhusa ya kuuweka kwenye filamu, unatakiwa ruhusa ya mwenye utunzi na ya mwenye ile rekodi, ni ruhusa mbili tofauti, na wengi wanatolewa hapo. Tafuta mshkaji mwenye gitaa akupigie kitu kipya, mwandikishane hata kikaratasi, au acha kimya. Ile sini ya fundi sikuweka muziki wowote, unasikia skrubu tu zinavyodondoka kwenye kizibo.

Mwaka huu naiingiza tena, kwingine, kanuni nimeziprinti na kuzisoma na kalamu mkononi. Majina nimeyabana yakawa sekunde sita. Mama ameshaiona na amelalamika jina lake linapita haraka mno, hata miwani hajamaliza kuvaa limeshaondoka.