Draisaitl si kivuli cha McDavid

Makala moja inasema Leon Draisaitl, mshambuliaji Mjerumani wa Edmonton Oilers katika NHL (ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini), anafunga sana kwa sababu tu anacheza na nyota mwenzake Connor McDavid. Hapana. Msimu wa 2019-20, tangu mwanzoni mwa 2020, aliongoza safu yake mwenyewe ya ushambuliaji, bila McDavid, pamoja na Nugent-Hopkins na Yamamoto. Akamaliza na pointi 110 katika mechi 71 (mabao 43, pasi za mabao 67), Mjerumani wa kwanza kutwaa Hart (tuzo ya mchezaji bora wa ligi) na Art Ross (tuzo ya mwenye pointi nyingi zaidi).

Tazameni Edmonton wapinzani wakiwa pungufu, yaani mchezaji wao ametolewa kwa muda kwa adhabu. Draisaitl anasimama kulia, chini kabisa karibu na mstari wa goli, pembe ambayo wengi hawathubutu kupigia. Gongo lake ni la kushoto, kwa hiyo ubapa (sehemu ya chini inayopiga) unaelekea katikati na pasi inayokatiza uwanja anaipiga papo hapo bila kuituliza. Kipa anatakiwa ateleze kutoka mlingoti hadi mlingoti. Pasi ikimfikia miguuni tu, mambo yanaharibika: lazima aitulize, na kipa kashafika. Tena ubapa wake ni mpana kuliko wa wengi, ndiyo maana hata pasi anazopiga kwa upande wa nyuma wa ubapa zinafika zimenyooka.

Mabao 52 ya 2024-25 yalimpa tuzo ya Rocket Richard, ya mfungaji bora wa ligi. Mwandishi wa makala hiyo angeyataja!