Singamoto: mtunzi aachiwe hadi wapi?

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alitusomea hadithi yake. Chombo kinaruka kutoka Chongoleani kwenda Mirihi, kikichoma singamoto, mafuta yaliyokamuliwa kwenye mkonge. Glasi moja inatosha kwenda na kurudi. Baraza likagawanyika.

Wengine walisema hadithi ni hadithi; nani aliwahi kumbana bibi aeleze ungo unarukaje? Nawaelewa. Tukimdai kila mtunzi shahada ya kemia, tutabaki kusoma safari za wenzetu.

Mimi niliegemea kwa wenye hesabu, waliosema glasi haitoshi. Kuing'oa kilo moja kwenye mvuto wa Dunia kunadai nishati ya kama megajuli 62. Kilo moja ya mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, ambao ni miongoni mwa mafuta yenye nguvu zaidi katika roketi za leo, hutoa kama 13. Ndiyo maana Saturn V, iliyopeleka watu Mwezini, ilizidi tani 2,800, na takriban sehemu tisa kwa kumi zilikuwa za kuchomwa. Roketi hubeba mafuta, kisha mafuta ya kubebea mafuta. Glasi ya kijana inaufuta mzigo huo, na hadithi inafutika nao: nahodha asiyeweza kuishiwa hana la kuamua.

Ila kemia yenyewe imeacha mlango. Atomi za haidrojeni hukaa mbili mbili. Ukizitenganisha kisha zikarudiana, kilo moja hutoa kama megajuli 216. Taabu ni kwamba hazisubiri, zinarudiana upesi mno. Hapo ndipo uongo wa mtunzi ungekaa vizuri: singa, yaani uzi wa mkonge, inayozifunga atomi zisikutane. Mkonge uliletwa Tanga 1893 kwa ajili ya nyuzi za kamba. Kufunga ndiyo kazi yake. Na hatari inakuja yenyewe. Chombo kinaelekea mashariki kudandia mzunguko wa Dunia, joto linapanda, singa zinalegea, na Pemba bado haijavukwa.

Wale wa kwanza nao wana haki yao: singa inashikaje, si lazima tuambiwe. Mvuvi wa Deep Sea, hapa hapa Tanga, anaweza asijue petroli inavyowaka ndani ya mashine, lakini anajua lita za kumfikisha kwenye samaki na lita za kumrudisha.

Kijana amelichukua daftari lake. Jana alinionyesha: glasi imekuwa matangi sita, na la sita, la kurudia, linavuja.