Mashine ya mizunguko 20,000 kwa dakika, sawa, ila inatoa vipande vingapi kwa siku?

Siku hizi kwenye karakana za Unga Limited kule Arusha na huku kwetu Moshi ubishi ni uleule, mwenye hela anataka CNC, yaani mashine ya kukatia chuma inayoongozwa na kompyuta, ya spidi kubwa, halafu fundi wa siku nyingi akiuliza maswali mawili matatu anaambiwa anaogopa teknolojia. Mi naona huyu fundi haeleweki tu, maana anachouliza ndicho cha kuulizwa kabla hela haijatoka.

Wanaotaka spidi nao wana hoja. Mjerumani Carl Salomon alishasema mwaka 1931 kwamba ukipita spidi fulani joto la kukata linaanza kushuka, na hata kama wazo lake limebishiwa sana, kwenye aluminiamu faida unaiona kwa macho: unakata kidogokidogo kwa haraka, joto jingi linaondoka na mabaki yanayoruka, uso unatoka laini, msasa wa mkono unapungua. Anayetengeneza moldi za plastiki namwambia anunue.

Sasa tuje kwenye katalogi. Imeandikwa meza inatembea mita 30 kwa dakika, watu wanashangilia. Hiyo ni nusu mita kwa sekunde. Tuseme mchapuko wake, yaani mwendo unavyoongezeka kila sekunde, ni mita 2 kwa sekunde kwa sekunde, basi ili ifike huo mwendo inahitaji kutembea milimita 62.5, na ili isimame inahitaji nyingine 62.5, jumla 125. Kwenye kishimo cha milimita 20 haitafika hata siku moja! Itapanda mpaka mita 12 kwa dakika ianze kushika breki, wastani wake unakuwa mita 6, yaani moja ya tano ya ile namba uliyolipia. Ni kama daladala ya Kiboriloni, injini yake inaweza kwenda 140 lakini vituo vimebanana, sasa hiyo 140 ataitumia wapi? Na kazi zetu nyingi ndo hizo za vishimo na kona, kwa hiyo fundi akiuliza mchapuko badala ya spidi anajua anachofanya.

Kisu nacho. Mhandisi Mmarekani Taylor alishaonyesha tangu 1907 kwamba spidi ikipanda maisha ya kisu yanashuka, na kwa kisu cha kabaidi (kile kigumu sana) kwenye chuma, ukichukua ile n, namba ya kwenye fomula yake, kuwa 0.25, ukizidisha spidi mara mbili kisu kinaishi sehemu 1 tu ya 16. Kisu cha dakika 60 kinakuwa cha dakika nne kasoro, na kila ukibadilisha mashine imesimama.

Halafu oda zenyewe. Mtu anakuja na nyumba ya beringi ya mashine ya kumenya kahawa, anataka mbili. Tuseme milingi ya kawaida, ile ya kuendesha kwa mkono, inatumia dakika 20 kwa kipande, CNC inatumia 6 ila kuandika programu na kufunga kazi ni dakika 90. Vipande sita, milingi ya kawaida imemaliza kwa dakika 120, CNC 126. Inaanza kushinda kwenye cha saba. Kwa oda ya mbili ni dakika 40 kwa 102, hapo hata hatujataja umeme kukatika katikati ya kazi. Wenye oda za kujirudia hesabu inageuka, programu ipo tayari, na hapo mi mwenyewe nitawatetea.

Kwa hiyo unayetaka kununua, usikubali muuzaji akukatie kipande chake cha maonyesho. Mpelekee mchoro wako, chuma chako, mwambie atoe vipande kumi, uwashe saa pale anapopokea karatasi na uizime kipande cha kumi kikishapimwa kwa maikromita kikakubali. Kilichokataliwa usikihesabu.