Tembo kamaliza mihogo, afu tumhifadhie mbegu?

Mdau mmoja alileta mada kijiweni kwetu hapa Lindi kuhusu wataalamu wanaohangaika kuboresha namna ya kugandisha mbegu za kiume za wanyamapori ili kuwaokoa wanaopungua. Jamaa yetu wa Liwale akacheka mpaka kahawa ikamwagika, akasema tembo kamaliza mihogo ya mama afu nyie mnataka kumwekea mbegu kwenye baridi? Namwelewa bana. Mtu aliyekesha shambani anapiga debe kufukuza tembo humwambii kitu kuhusu tembo kuisha.

Na wanaopinga hawana hiyo ya mihogo tu. Wanasema tembo wa pori la Selous walimalizwa na bunduki, hawakukosa mbegu, so hela ziende kwa askari wa pori. Afu wanakutajia faru weupe wa kaskazini kule hifadhi ya Ol Pejeta Kenya: dume la mwisho, Sudan, limekufa Machi 2018, wamebaki majike wawili Najin na Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Mbegu zao zipo kwenye mtungi wa baridi, zimesaidia nini?

Mi naona wanakatisha stori mapema. Mayai ya Fatu yamerutubishwa maabara kwa mbegu za madume Suni na Angalifu, wote walikufa 2014, mbegu inadungwa moja moja ndani ya yai, na viinitete (mimba changa kabisa) vimepatikana vya kupandikizwa kwa faru weupe wa kusini. Marehemu wanazaa! Bila ule mtungi hata hicho cha kubishania kisingekuwepo.

Tatizo wengi tunadhani ni kama ng'ombe wa maziwa, mtaalamu wa uhimilishaji (wa kupandisha kwa mrija) anakuja na mtungi wake wa naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, anachomoa mrija wenye mbegu, anayeyusha kwenye maji ya vuguvugu, kazi imeisha. Kwa ng'ombe wamehangaika tangu 1949 Waingereza walipogundua glisirini (ndio, hiyo hiyo ya kupaka miguuni) inazikinga mbegu zisife kwenye baridi, na bado mpaka leo karibu nusu zinakufa. Ukigandisha haraka sana barafu inajitengeneza ndani ya mbegu inaipasua, ukichelewa maji yanatoka chumvi inaikolea inakufa hivyo hivyo, na glisirini ikizidi nayo ni sumu. Sa kila mnyama na kipimo chake, za tembo wa Afrika zinavumilia kuliko za tembo wa Asia, za mbwa mwitu zimewasumbua wataalamu kwa kufa mapema zikishayeyushwa, na Selous ni moja ya ngome zao kubwa. Ndo maana neno ni kuboresha.

Mimi kinachoninyima usingizi ni hesabu moja. Mwaka 1976 Selous ilihesabiwa tembo kama 109,000, mwaka 2013 kama 13,000. Watu wanasoma hapo wanasema wamepungua, basi. Lakini majangili hawapigi kwa kura, wanachagua mwenye meno makubwa, kwa hiyo walioanza kuondoka ni yale madume ya haja na sehemu ya damu yao, na hata hawa wakizaliana wakarudi 100,000 watakuwa wajukuu wa wale walionusurika tu. Jirani zetu Msumbiji wameshaona, kwenye hifadhi ya Gorongosa baada ya vita vilivyoambatana na ujangili majike wasio na meno waliongezeka sana. Yale madume ya Selous sijasikia aliyeyachukulia hata mrija mmoja.

Na kuhamisha mbegu ili kuchanganya damu ni rahisi kuliko kuhamisha tembo mzima. Mwaka 2013 alizaliwa ndama Vienna kwa mbegu zilizogandishwa za dume la porini Afrika Kusini. Tembo wetu wa kutembea kwenda kwa wenzake anapita kwenye mikorosho na ufuta wa watu, ndo ugomvi wenyewe huo.

Tena kuna mbegu tunazitupa. Wawindaji wa kitalii wanapiga nyati dume kihalali kabisa, na mbegu zilizokomaa zinabaki hai saa kadhaa kwenye korodani zikiwekwa kwenye ubaridi. Tembo ni kazi, korodani zake ziko ndani huko karibu na figo, ila nyati unakata tu. Kinachotakiwa ni njia inayostahimili joto la huku na barabara ya Nangurukuru–Liwale wakati wa masika, maana naitrojeni inapungua kila siku mtungi ukiwa umekwama kwenye tope.

Jamaa wa Liwale baada ya yote hayo akauliza kitu kimoja, hela hiyo inatoka fungu gani, isije ikawa la kifuta jasho, mama bado anasubiri cha mihogo. Hapo niko upande wake.