Mwacheni Moebius Awe Mchoraji

Limenikera neno alilolitamka msomaji mmoja baada ya kuonyeshwa kurasa za The Long Tomorrow, kwamba zinapendeza ila zimeiga mno filamu ya Blade Runner. Hadithi hiyo, iliyoandikwa na Dan O'Bannon na kuchorwa na Jean Giraud, ambaye ulimwengu wa katuni unamjua kama Moebius, ilichapishwa Ufaransa mwaka 1976, ilhali filamu yenyewe ilitoka mwaka 1982. Basi siku hizi mtoto ndiye anayemzaa babaye.

Watetezi wake nao hawanifurahishi. Wao hukimbilia kuorodhesha filamu alizoshiriki kuzibuni, Alien, Tron na The Fifth Element, kisha humtaja Miyazaki, mwongozaji wa Kijapani wa filamu za katuni, kama shahidi, utadhani mchoraji wa katuni hana hadhi mpaka watu wa sinema wamtilie sahihi.

Mimi nasema thamani yake iko hasa katika yale ambayo sinema haiwezi kuyachukua. Tazameni Arzach, iliyotokea katika jarida la Métal hurlant ambalo yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mtu mwenye kofia ndefu anaruka juu ya nchi kame akiwa amempanda kiumbe mfano wa ndege wa kale, na hakuna neno hata moja linalosemwa. (Hata jina la hadithi hubadilika tahajia kutoka sehemu moja hadi nyingine, na hakuna anayejishughulisha kukueleza sababu.) Tukumbuke kwamba mkono huohuo, tangu mwaka 1963, ulikuwa ukichora Blueberry, hadithi ya wapanda farasi wa Marekani ambayo mwandishi wake, Charlier, aliijaza mazungumzo ukurasa baada ya ukurasa, kwa hiyo ukimya wa Arzach ni uamuzi wa mtu aliyeyajua maneno vizuri kisha akayafukuza. Katika sinema, mwongozaji ndiye anayeamua jicho likae wapi na kwa muda gani. Hapa hakuna anayekuharakisha: unaweza kukaa juu ya fremu moja, ukafuata vistari vidogo vinavyoujenga mwamba, ukarudi nyuma kuhakikisha kile ulichodhani umekiona, na muda wa hadithi ukawa mali yako.

Nakubali, tena shingo upande, kwamba hadithi yake nyingine, Le Garage hermétique, humpoteza msomaji, kwa kuwa Moebius aliianza bila mpango na hakuona aibu ukilijua hilo. Katika L'Incal, aliyoianza kuichora mwaka 1980, falsafa ya mwandishi wake, Jodorowsky, wakati mwingine hunichosha. Michoro haijanichosha bado.

Anayetaka kumjua aanze na Arzach, ambayo ni fupi, na atafute kitabu chenye kurasa kubwa, maana kwenye kioo cha simu vile vistari hugeuka kuwa ukungu, na mtu akaondoka akijidai ameshamsoma.