Tunaulizia Elinino, Jibu Liko Bahari ya Hindi

Kila msimu wa vuli unapokaribia, swali linalosikika redioni na vijiweni ni lile lile: je, mwaka huu kuna Elinino? Walioshuhudia mvua za 1997 wana kila sababu ya kuuliza, lakini kwa maoni yangu swali hilo linatupeleka Pasifiki, bahari ambayo maji yake hupata joto kupita kawaida Elinino inapotokea, ilhali kisababishi cha karibu cha mafuriko yetu kipo mlangoni.

Kwa kawaida maji ya Bahari ya Hindi huwa na joto zaidi upande wa Indonesia. Hewa hupanda huko na kumwaga mvua, kisha husafiri juu angani kuelekea magharibi na kushuka upande wetu, na hewa inayoshuka huzuia mawingu kukua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni kame ingawa ipo kwenye ikweta. Pepo za mashariki zikipata nguvu, husukuma maji ya joto hadi pwani yetu, maji baridi yakaibuka karibu na Sumatra, na mzunguko huo ukadhoofika au hata kugeuka. Hali hiyo, ambayo hutuletea mvua nyingi, huitwa dipoli chanya ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1961 hapakuwa na Elinino, lakini vuli ilifurika, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2015 Elinino ilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote zilizopimwa, serikali ya Kenya ikatenga fedha za maandalizi, na maafa ya kiwango cha 1997 hayakutokea. Miaka minne baadaye Pasifiki ilikuwa imetulia, ila dipoli ilikuwa kali mno: Pokot Magharibi, nchini Kenya, ardhi ikaporomoka na kuua watu, huku Australia, iliyo upande wa pili wa mzunguko huo huo, ikiungua.

Sisemi Elinino ipuuzwe, kwani mara nyingi huichochea dipoli, kama ilivyokuwa 1997 na 2023. Ninachotaka ni kwamba msomaji wa taarifa ya habari, anapotangaza mvua za “wastani hadi juu ya wastani”, aseme pia joto la Bahari ya Hindi likoje pande zote mbili. Na asiivushe taarifa hiyo hadi masika: dipoli kwa kawaida huwa imekwisha kufikia Januari, kaskazi ikiwa imetawala, na mvua za Aprili huongozwa na mambo mengine ambayo ni magumu zaidi kutabirika miezi kadhaa kabla.