Dodoma ichore njia yake ya miguu kabla viwanja havijaisha

Dodoma inahitaji njia moja ndefu ya miguu, yenye jina, alama na ramani, itakayounganisha mji wa zamani, makorongo na vilima vyake. Siongelei bustani nyingine yenye geti na tiketi. Naongelea ukanda mwembamba wa ardhi ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuupita, kutoka stesheni ya zamani ya reli hadi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), bila kukwama kwenye ukuta wala kugombana na mwenye shamba.

London wanayo ya namna hiyo, Capital Ring, kilometa 126 zilizogawanywa vipande 15, na kila kipande kinaanza na kuishia karibu na usafiri wa umma. Sehemu kubwa hawakuijenga upya. Waliunganisha vijia, bustani na kingo za mito zilizokuwepo, wakaweka alama. Hilo ndilo la kuiga, kwa sababu vijia hapa tunavyo tele, vimepigwa na wanafunzi, kina mama wa kuni na wachunga mbuzi. Mpangaji aanze kwa kuvifuata hivyo. Miguu ya wenyeji imeshachagua mahali korongo linapovukika, na mstari ulionyooshwa kwa rula ofisini watu watauacha, waendelee kupita kulekule.

Wala wazo si geni kwetu. Baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Canada iitwayo Project Planning Associates, uliwafikiria watembea kwa miguu na mabasi kuliko magari binafsi, na uliweka maeneo ya wazi kati ya makazi.

Kipande cha kwanza kisizidi kilometa 10. Kianzie stesheni, alama ya reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani, kizungukie Nyerere Square, Kanisa Kuu la Anglikana, makumbusho ya madini na Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010, kisha kitoke mjini kwa kufuata makorongo hadi vilima vya UDOM. Karibu na Bunge au gereza la Isanga njia ikae mbali na uzio, na ubao useme wazi kwamba hapo hapapigwi picha.

Alama mbovu ndizo zinazoua njia nyingi, kwa hiyo nazo zifikiriwe kwa makini. Nguzo ya mti Dodoma italiwa na mchwa. Bomba la chuma litaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Inayodumu ni nguzo ya zege: sentimita 15 kwa 15, urefu mita 1.5, nusu mita iwe ardhini. Changanya saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa nguzo 4. Nondo moja ya milimita 10 iwekwe katikati na isichomoze, maana ikionekana nguzo itavunjwa kwa ajili yake. Kisha zifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa siku 7, la sivyo jua la huku huzipasua kabla hazijafika porini.

Rangi nayo isichaguliwe ovyo. Nyekundu hapana, kwa sababu kila mtu anajua X nyekundu ukutani maana yake ni bomoa, na mwenye nyumba atakimbilia ofisi ya mtaa. Nyeupe itadhaniwa ni mawe yaliyopakwa chokaa. Mkanda wa njano wa upana wa kiganja unatosha, na nguzo ifike kiunoni ili asitokee mtu wa kuidhani bikoni ya kiwanja. Iwepo moja kwenye kila njia panda, nyingine mita 30 mbele yake kumhakikishia msafiri kwamba hajapotea, na kwenye mnyoofu kila mita 250. Ukiwa na njia panda 20, kilometa 10 zitataka nguzo kama 70, yaani mifuko 18 hivi ya saruji. Hiyo si bajeti ya kuitishia Halmashauri.

Korongo linahitaji heshima. Kati ya Desemba na Aprili linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, juu yako kukiwa kukavu kabisa. Kivuko kiwe mahali korongo limenyooka na kingo ni fupi, kamwe kisiwe kwenye kona, kwani maji hula ukingo wa nje wa kona kila mwaka, na wachimba mchanga humalizia. Kila kivuko kiwe na njia mbadala ya masika inayopita kwenye daraja au kalvati, nayo iwe na alama zake.

Kwa mtembeaji: anza saa 12 asubuhi, uwe umemaliza kabla ya saa 4, na ubebe lita 2 za maji. Vaa viatu vyenye soli ngumu, mwiba wa mgunga hupenya kandambili kama karatasi. Ukipita kwenye uzio wa minyaa usivunje tawi. Utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya, na dawa ya haraka ni maji mengi papo hapo.

Matunzo wapewe serikali za mitaa na shule zilizo njiani, mara mbili kwa mwaka: Novemba kurudishia rangi, Mei kufyeka majani na kukagua vivuko.

Lakini la haraka kuliko yote liko kwenye meza ya mipango miji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kingo za makorongo yetu zinastahili ulinzi huohuo. Kila mchoro mpya wa viwanja uonyeshe njia ya miguu ya upana wa mita 3 kabla wapimaji hawajaweka bikoni. Viwanja vikishauzwa, kila mita ya njia hiyo italazimu kulipiwa fidia.